Nembo ya Toyota, miguu ya Subaru: kisa cha rimu za 86 ya dogo

Naandika hii kwa mtu yeyote mwenye Toyota 86 au pacha wake, Subaru BRZ, hapa Dar, na mwenye Altezza au Impreza naye asome maana hesabu ni zilezile. Ni kisa cha gari moja, rimu seti mbili, stadi 20 (zile bolti zinazoshika rimu kwenye gari) zilizotupwa, na kijana ambaye tairi ya mbele kushoto ingeweza kumtoka Mandela Road katikati ya malori. Namshukuru Mungu haikufika huko.

Gari ni ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Tabata. Toyota 86 ya 2013, gia ya mkono, aliagiza Japani ikashuka imenyooka kabisa, rimu za kiwandani inchi 17 upana 7, ofseti 48 (hiyo nitaieleza mbele), tairi 215/45R17. Wiki nzima inampeleka kazini Posta na kumrudisha, halafu kama mara moja kwa mwezi yeye na wenzake wanachanga wanakodi yadi moja ya lami upande wa Kigamboni, Jumapili malori yakiwa hayapo, wanapanga koni wanazunguka gari moja moja, mmoja anashika saa. Hawashindani hela, wanajifunza gari. Na ukishazunguka mara nne tano gari yenyewe inaanza kukwambia inataka nini, dogo akasikia inataka rimu.

Hapo hakukosea. Rimu, tairi, diski, vyote hivyo viko chini ya springi, yaani springi na shokapu ndo zinahangaika navyo kila lami inapopanda na kushuka, na juu ya hapo rimu inabidi izungushwe ukikanyaga mafuta na isimamishwe ukikanyaga breki. Kwaiyo kilo moja uliyotoa kwenye rimu unaisikia kuliko kilo moja uliyotoa kwenye buti. Gari ya nguvu farasi 200 kama hii, isiyo na tabo, inaisikia zaidi. Wazo lilikuwa zuri, kilichoharibika ni namna alivyonunua.

Alichonunua ni rimu za inchi 18, upana 8.5, ofseti 30, zenye matundu kumi. Mnazijua, zile zilizotobolewa 5x100 na 5x114.3 kwa pamoja, yaani stadi tano kwenye duara la milimita 100 au la 114.3, ili muuzaji amuuzie kila mtu. Umbo limeigwa kwenye rimu maarufu ya Kijapani ya spoku sita. Laki tisa seti nzima pamoja na tairi 225/40R18 zilizotumika, wakamfungia palepale. Nati zake za zamani zilikuwa nene, hazikuingia kwenye matundu membamba ya rimu mpya, kijana wa duka akamuuliza "gari gani hii kaka?", akamjibu Toyota, basi wakaleta nati nyembamba za Toyota, mashine ya upepo ikalia mara 20, kwisha kazi.

Jumamosi ile ile akanitumia picha, na kusema ukweli gari ilipendeza sana.

Wiki iliyofuata akaenda Kibaha kumsalimia bibi, kwenye ile barabara pana kuanzia Kimara akifika 80 usukani unatetemeka, akipunguza unaacha. Akarudi dukani, wakambalansia tena. Ikatetemeka tena. Wakambalansia mara ya tatu wakaongeza vipande vya risasi mpaka upande wa ndani ukawa kama una meno ya dhahabu, halafu wakamwambia akafanye alaimenti, akafanya, bado. Gereji nyingine ikamwambia ni beringi za mbele, tena zote mbili, andaa laki nne na nusu. Wakati huohuo akipita tuta na abiria nyuma, fenda inasugua tairi, unasikia "krrr" na harufu ya mpira. Na Mandela Road pale malori yalipokwisha kuchimba mifereji kwenye lami usukani unavutwa huku na huku kama kuna mtu mwingine ameushika.

Dogo alikuwa tayari kununua beringi. Kilichomleta kwangu ni sauti. Alinipigia simu akasema, "Kaka, mbele kushoto kuna kitu kinagonga tik tik nikianza kuondoka, nikichanganya kinaacha." Nikamwambia asiiwashe tena, nitakuja mwenyewe, kwa sababu sauti ya namna hiyo kwenye gari iliyotoka kufungwa rimu mimi nafikiria nati kabla ya kitu kingine chochote.

Nimefika jioni, tukapiga jeki. Nikashika tairi saa tisa na saa tatu nikatikisa, inacheza. Nikashika saa kumi na mbili na saa sita, inacheza vilevile, na nikiangalia katikati naona rimu ndo inatembea juu ya habu (kile kitako inapofungiwa rimu), habu yenyewe imetulia. Beringi iliyokufa haiko hivyo, beringi ikifa habu na rimu vinacheza pamoja. Huo mchezo wa sekunde kumi ungemwokolea laki nne na nusu bila hata kufungua kitu, na yeyote anayeambiwa beringi ajaribu kwanza.

Sasa nati. Ya kwanza nikaweka spana, ikageuka robo ikagoma. Nikaongeza nguvu ikalia kama mlango wa bati, ikatoka polepole, na kila mzunguko unatoka na unga wa chuma unaong'aa. Nikaishika mkononi chini ya tochi ya simu. Ndani meno mawili ya mwanzo yamejaa chuma kilichopondwa, mengine yote mapya kabisa hayajaguswa na kitu, bado yana mafuta ya kiwandani. Maana yake ile nati ilikuwa imeshikilia gari kwa mizunguko miwili tu halafu ikakwama, mashine ya upepo ikahesabu kukwama ni kukaza. Ya pili ikatoka na kipande cha stadi ndani yake. Ya tatu ilikuwa inazunguka kwa vidole, huyo ndo alikuwa anagonga tik tik.

Dogo alikaa chini kwenye tofali akanyamaza kabisa.

Hapa ndo kiini cha kisa chote. 86 ina nembo ya Toyota mbele na nyuma, lakini iliundwa pamoja na Subaru na inatoka kiwanda cha Subaru, Gunma. Injini ni bapa ya Subaru, FA20, na chini huku miguu yote ni ya Subaru: PCD (duara la stadi) 5x100, habu ya milimita 56.1, stadi M12x1.25. Toyota zingine nyingi unazoziona hapa mjini, Altezza, Mark X, Crown, IST, stadi zake ni M12x1.5. Unene ni uleule 12, ukiangalia kwa macho huoni tofauti, ila umbali wa jino na jino siyo mmoja. Nati ya 1.5 kwenye stadi ya 1.25 inashika mzunguko mmoja au miwili halafu inapanda juu ya meno. Kwa mkono ungesikia imegoma, ungesimama. Mashine ya upepo haina masikio.

Kwaiyo ukiulizwa "gari gani", kwa 86 jibu la fundi tairi ni Subaru. Sema Subaru, utapewa nati sahihi. Nissan na Suzuki nazo nyingi ni 1.25, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ni 1.5 kama Toyota. Na kama huamini mtu, chukua rula uweke kwenye stadi uhesabu meno ndani ya milimita 15: ukipata 12 ni 1.25, ukipata 10 ni 1.5. Kisha kipimo cha mwisho ni vidole, nati inatakiwa ikimbie kwa vidole mpaka iguse rimu, ikitaka spana kabla ya hapo kuna kitu hakiko sawa, itoe. Mimi siku hizi simruhusu mtu aanze nati yoyote kwa mashine kwenye gari ya nyumbani kwetu.

Tukamaliza kuzitoa zote miguu yote minne, saa mbili usiku. Stadi mbili zimekatika, tisa meno yamelika vibaya, zilizobaki zina michubuko. Jirani akashauri tupitishe dai, kile chuma cha kuchonga meno upya, tuzisafishe zile zenye afya. Nikakataa, tukabadilisha 20 zote. Stadi iliyovutwa na nati mbaya huwezi kujua ndani imechoka kiasi gani, na gari inayoenda kuzungushwa kwenye koni huku diski zimechemka haifai kubeba kitu cha kubahatisha. Stadi za Impreza zipo tele Ilala, elfu nane nane, tukapima shingo yenye meno kwa vernia (kile kipimo cha milimita) kuhakikisha zinaingia kwenye habu, tukatoa kalipa na diski, za zamani tukazitoa kwa nyundo, mpya tukazivuta kwa nati na washa kadhaa mpaka zikakaa. Mbele kazi rahisi, nyuma inataka subira maana kuna handibreki inakubania nafasi.

Wakati diski ziko wazi nikamwonyesha kosa la pili. Tundu la katikati la zile rimu ni milimita 73.1, habu ni 56.1. Nikaiweka rimu kwenye habu, nikachukua penseli, nikaizungusha pembeni yote ya habu ndani ya lile tundu bila kugusa. Milimita nane na nusu kila upande. Watengeneza rimu wanafanya tundu kubwa makusudi ili rimu iingie kwenye gari nyingi, hata rimu ghali zinakuja hivyo, si kosa la rimu, ila lazima uweke ringi ya kujaza hiyo nafasi ili rimu ikae katikati kabla hujakaza. Kuna watu wanasema ringi ndo inabeba gari. Hapana. Kinachobeba gari ni mgandamizo wa nati ukiibana rimu kwenye uso wa habu, ringi inakuwekea tu katikati. Nati zenye ncha ya umbo la koni, zikiwa na afya, zikikazwa kwa mpangilio gari likiwa juu zinaweza kuiweka rimu katikati zenyewe. Dogo hakuwa na ringi na hakuwa na nati, kwaiyo rimu ilikaa popote ilipoangukia, ndo maana balansi tatu hazikusaidia: mashine ya balansi inaishika rimu katikati, gari haikuwa inaishika katikati.

Kosa la tatu ni la hesabu, na hili naomba nilichukulie muda kwa sababu watu wengi wanasikia neno ofseti wanaliogopa, wakati ni kutoa na kujumlisha tu. Chukua upana wa rimu, igawe mbili, hapo una mstari wa katikati. Ofseti ni umbali kutoka huo mstari mpaka uso unaokaa kwenye habu. Rimu ya kiwandani, inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Ofseti 48. Ndani inaingia 89 jumlisha 48, ni 137. Nje inatokeza 89 toa 48, ni 41. Sasa zile za 18: inchi 8.5 nusu yake 108, ofseti 30. Ndani 138, nje 78. Umeona? Ndani iko palepale, nje imetoka milimita 37 zaidi ya kiwanda, karibu sentimita nne. Na dogo ana springi fupi. Fenda isiguse tairi ina nini. Na tairi ikikaa nje kiasi hicho, kila mfereji wa lami unapata mkono mrefu wa kuvuta usukani, ndo ile hali ya Mandela Road. Hakuna beringi wala alaimenti inayotibu hesabu.

Halafu uzito. Nina mizani ya ndoano niliyonunua kwa muuza samaki Feri, tukaning'iniza moja moja na tairi lake. Ya kiwandani kilo 18 na nusu. Ile ya 18 karibu 22. Alitoa laki tisa kuiongezea gari zaidi ya kilo tatu kila mguu, kwa kitu alichonunua ili ipungue.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa arudishe rimu za kiwandani, aweke tairi nzuri mpya, aendeshe mwaka mzima. Bado naamini ni ushauri mzuri kwa anayeanza, tairi inabadilisha gari kuliko rimu. Ila yeye alishaamua anataka seti mbili, ya wiki na ya Jumapili, na hela alikuwa anaitafuta mwenyewe, nikasema sawa, safari hii tutaanza na karatasi.

Kwenye karatasi tukaandika: 17 siyo 18. Sababu ya kwanza ni breki, diski za mbele za 86 ya kawaida ni milimita 294, inchi 17 inazipita kwa nafasi ya kutosha, hatuhitaji kubwa zaidi. Sababu ya pili tairi za 17 zinapatikana kirahisi na bei iko chini. Sababu ya tatu ni barabara zetu, hata hiyo safari ya kufika Kigamboni ina mashimo, ukuta wa tairi wa 45 unakupa nafasi ya kusamehewa kidogo kuliko 40. Upana 8. Ofseti kati ya 40 na 48. PCD 5x100 ya tundu tano, siyo kumi.

Hapo kuna mtego mwingine ambao ulitaka kutukamata Shaurimoyo. Muuzaji mmoja, mzee mstaarabu tu, akatuletea rimu nzuri zilizotoka kwenye Toyota Caldina. 5x100 kweli. Akasema "hii ni Toyota kwa Toyota mwanangu, inaingia kama mkono kwenye mfuko". Nikamwomba vernia. Tundu la katikati 54.1. Habu yetu 56.1. Milimita mbili, haiingii hata ukiibembeleza, na kuna mafundi wangeikereza kuipanua. Caldina, Wish, Prius za miaka ile, ni 5x100 lakini tundu ni 54.1. Wakati Impreza na Forester, ambazo zimejaa mji huu, nyingi zake za miaka ile ni 5x100 na tundu ni 56.1 hasa, zinakaa kwenye 86 bila hata ringi. Mwenye 86 anayetafuta rimu ya akiba ya bei poa atembelee meza ya Subaru, tena za Impreza WRX inchi 17 zipo. Ila angalia Impreza WRX STI kuanzia 2005, hizo zilihamia 5x114.3.

Mzee yule hakukasirika, akasema "basi nisubirini wiki mbili, kontena linashuka". Na kweli wiki ya tatu akapiga simu. Enkei RPF1, 17 upana 8, ofseti 45, 5x100, rangi ya fedha iliyochoka, zimetoka kwenye Impreza. Tukafanya hesabu tena hapohapo: nusu ya upana 102, ndani 147, nje 57. Ndani zinaongeza milimita 10, nje 16. Kwa 86 na tairi 225/45 hiyo inakaa bila kusugua.

Nilizikagua karibu saa nzima, dogo akachoka kusimama. Nyuma ya spoku kuna maandishi ya saizi yaliyotoka kwenye kalibu, na alama ya JWL, ile ya kiwango cha Kijapani. Alama peke yake haitoshi, hata za kuiga wanachora JWL, kwaiyo nikatazama vitu visivyodanganya. Nikaning'iniza kwenye ndoano, kilo 7.4 tupu, hapo za kuiga huwa zinaumbuka. Nikapitisha kidole mduara wote wa ndani kutafuta mahali palipochomelewa. Rimu iliyopasuka ikachomelewa argoni inaweza kukupeleka Posta miaka, mimi siiweki kwenye gari inayokwenda kubanwa kwenye kona, wala usiniombe. Nikakagua viti vya nati, ile koni ya digrii 60, kama imeng'aa sawasawa au imekula upande mmoja. Tatu zilikuwa safi. Ya nne tukaipeleka kwenye mashine ya balansi, ikazunguka, ukingo wa ndani una kibonde kidogo cha shimo. Kidogo, lakini kipo, nikamwonyesha mzee, akashusha bei mpaka milioni moja na laki sita seti, na hiyo tukaiweka nyuma.

Tundu lake la katikati? 73. Ndiyo, hata hizi. Tukaenda Gerezani kwa fundi mkerezaji, babu mmoja ana mashine ya zamani kuliko mimi. "Shikamoo babu." "Marahaba, mnataka nini wanangu." Nikamweleza ringi nne za aluminiamu, nje zikae kwenye rimu, ndani zikae kwenye habu. Hakuandika namba nilizompa. Akataka rimu yenyewe mezani, akataka nimpelekee na gari uani kwake atoe tairi apime habu kwa mkono wake, kwa sababu alisema namba za kuambiwa ziliwahi kumharibia chuma. Akakereza ya kwanza, akaijaribu, ikaingia kwa kubana kidogo sana, akarudi akatoa unyoya mmoja, akajaribu tena, ikaingia na sauti ya kunyonya hewa, tsup. Akatabasamu. Nilitaka aluminiamu kwa sababu ringi za plastiki ziko sokoni ila kwa gari ya kuzungushwa joto la breki linazilainisha, siku ya kutoa rimu unazikuta zimejikunja. Elfu 15 kila moja, na nisingepata nzuri kuliko zile popote.

Kufunga ilikuwa kazi ya jioni moja uani. Dar chumvi ya bahari iko hewani, uso wa habu huwa na kutu hata gari likiwa halina miaka mingi, tukasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, maana punje ya kutu ikibaki kati ya rimu na habu rimu inakaa imepinda na utaanza kusaka balansi upya. Grisi nyembamba kwenye ringi tu ili zisigandane. Kwenye meno ya stadi hakuna grisi, kavu na safi, ukipaka mafuta tokirenchi (spana ya kupimia mkazo) inasoma uongo na unavuta stadi kupita kiasi. Nati mpya M12x1.25 zenye ncha ya koni, nyembamba, zote kwa vidole mpaka mwisho, dogo ndo alizizungusha zote 20 mwenyewe, nilitaka vidole vyake vijue. Kisha kukaza kwa mpangilio wa nyota, moja na ya mbali yake, mkazo wa kwanza gari bado iko juu, halafu shusha, tokirenchi 120 Nyutoni mita, ndo kipimo cha kitabu cha gari. Tukachora mstari wa maka nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, ukiona mstari umevunjika nati imetembea. Baada ya kilomita 70 tukakaza tena, mbili zilisogea kidogo, kawaida kwa stadi mpya.

Tairi tulinunua mpya 225/45R17, hakuna cha mtumba hapo. Za mtumba soma tarakimu nne pembeni, 2315 maana yake wiki ya 23 mwaka 2015, na zile za kwanza za dogo zilikuwa na miaka kumi, bado zina kashata nzuri (ile mikato ya juu ya tairi) lakini mpira umekauka kama soli. Kwenye koni tairi kama hiyo inateleza ghafla bila kukuaga.

Jumapili ya kwanza nilienda naye. Jua la saa tano, lami inaunguza mpaka kupitia kandambili. Tulianza na psi 32 tairi zikiwa baridi, baada ya mizunguko minne nikapima 38, tukashusha mpaka 34 zikiwa za moto, gari ikaacha kuelea. Kabla ya kuondoka jioni tukasubiri zipoe tukajaza tena mpaka 35 za barabarani, hili watu wanalisahau wanarudi mjini na tairi laini kwenye mashimo. Sekunde sitaziandika kwa sababu mshika saa alikuwa binadamu na koni zilisogezwa, ila usukani umetulia, akitoka kwenye kona gari inaitika mapema, na akipita kwenye viungo vya lami nyuma hairuki tena. Kila akitoka kiwanjani anapita na tochi anaangalia mistari ya maka, nati moja moja, 20, kabla hajanywa maji.

Wiki nzima gari iko kwenye rimu zake za kiwandani. Jumamosi jioni anabadilisha mwenyewe kwa mkono, dakika 50, ana kopo lake la nati lililoandikwa kwa maka SUBARU 1.25.

Zile za matundu kumi zilikaa uani mwezi mzima. Walikuja watu wawili kuzitaka, mmoja ana IST, mwingine aliona picha tu akasema anatuma laki nne sasa hivi. Viti vya nati vilikuwa vimelika vimekuwa mviringo wa yai, nikamwambia dogo uamuzi ni wako, rimu ni zako. Akaazima msumeno wa chuma kwa fundi bomba wa jirani, akakata ukingo wa kila rimu sehemu mbili ili asitokee mtu wa kuzifunga tena, akamwita kijana wa vyuma chakavu mwenye mkokoteni. Zimepimwa kwa kilo, kwa mizani yangu ya samaki.